Baba ana ugonjwa wa ini, mbona akili ndiyo inayopotea?

Binti wa Ilemela
Shikamooni wakubwa. Baba ana miaka 61, alikuwa mvuvi. Homa ya ini aina ya B imeliacha ini lake na makovu. Wiki iliyopita hakupata choo siku nne. Ya tano akaanza kulala mchana na kukesha usiku, shati akalivaa nyuma mbele, mimi akaniita kwa jina la marehemu shangazi. Akinyoosha mikono, viganja vinapigapiga kama bawa la ndege. Baba mdogo anasema karogwa. Hospitali wamempa dawa ya maji, tamu sana, ya kulainisha choo. Mtu anapotewa na akili, anapewa dawa ya choo?

Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hajarogwa, na dawa ndiyo hiyo hiyo, laktulosi. Bakteria wa utumbo mpana wakivunja protini hutoa amonia, sumu inayovuruga akili. Ini lenye afya huigeuza urea, isiyo na sumu hiyo, ikatoka na mkojo. Ini la baba linaiacha ipite, damu inaifikisha kwenye ubongo. Choo kilipokwama, amonia nayo ikazidi kurundikana. Laktulosi ni sukari ambayo miili yetu haiwezi kuimeng'enya. Inawafikia bakteria, wanaichachusha kuwa asidi, na penye asidi amonia hunaswa humo humo utumboni, inatoka na choo. Tunataka choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Andikeni kila choo kwenye daftari. Akiharisha sana mwoneni daktari, maana kupungukiwa maji nako humrudisha kulekule. Dawa za usingizi msimpe. Na choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali usiku huohuo, msingoje kuche.

Mjukuu wa Dagaa
Kwa hiyo akatazwe samaki na maharage?

Nesi Mstaafu
Hapana! Zamani tuliwanyima, wakakonda bure, na inaniuma nikikumbuka. Misuli nayo husafisha amonia, ikiisha mgonjwa anaumia zaidi. Ale kidogo kidogo, na uji kabla ya kulala.

Binti wa Ilemela
Siku ya tatu leo. Choo mara tatu. Asubuhi kaniita kwa jina langu, akauliza nani ana ufunguo wa stoo ya nyavu. Daftari analiandika baba mdogo.