Trauti mwanzo wa machipuko, mto umejaa

Wakuu, theluji milimani imeanza kuyeyuka, mto umejaa na maji ni tope tupu, nimeshinda siku mbili navua trauti, yule samaki wa maji baridi, sijaguswa hata mara moja. Ningoje ama kuna namna?

— Mkuu usikate tamaa. Maji yakiwa na nguvu trauti hakai katikati, anajibana pembeni kabisa ama nyuma ya mawe makubwa asichoke, kwahiyo tupa ndoana karibu na ukingo, tena kabla hujaingia majini maana wengi wanamkanyagia palepale alipo. Chambo cha nyungunyungu mnono na chubwi kidogo (kile kizito cha kuzamisha ndoana) ndo dawa ya maji machafu.

— Naongezea, beba kipimajoto. Maji chini ya nyuzi 5 hivi samaki anakuwa mzito hataki kukimbiza kitu, yakifika 10 hadi 15 anakula vizuri sana. Usidamke alfajiri, mchana ndo yanapata joto, ila siku ya jua kali theluji inayeyuka zaidi na baadaye mto unapanda tena.

— Na jamani mkiona changarawe safi inang'aa chini msikanyage!! Trauti upinde-mvua anataga msimu huu, mayai yako humo. Naumia sana nikiona mtu anapita juu yake.

— Asanteni sana, kesho natoka saa tano na nyungunyungu wangu, changarawe nitazikwepa.