Kumhamishia binti yetu wa kuasili chumbani kwake: tumsogeze yeye, au tuhamie naye?

Mama wa Kihonda
Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunaishi Morogoro, na tunamlea binti wa miaka miwili na nusu aliyetoka katika makao ya watoto. Shauri la kumwasili limekwisha kukamilika Mahakama Kuu. Tangu aje amekuwa akilala kitandani mwetu. Sasa chumba chake kiko tayari, na mchana hucheza humo bila wasiwasi wowote, lakini giza likiingia hataki hata kukikaribia. Njia tunazozipima ni tatu. Ya kwanza ni kumwekea godoro lake chumbani mwetu, kulisogeza kidogo kidogo hadi mlangoni, na hatimaye kulipeleka kwake. Ya pili ni mimi kuhamia chumbani mwake kwa muda, kisha nijiondoe taratibu. Ya tatu, ambayo jirani yetu anaisifu sana, ni kumlaza, kufunga mlango na kumwacha alie mpaka azoee. Ningependa kuwasikia hasa waliolea watoto waliowahi kulala kwingine kabla ya kufika kwao.

Muuguzi Mstaafu
Mama, hiyo ya tatu iwekeni kando kabisa. Mtoto aliyelelewa na mama yuleyule tangu kuzaliwa, anapolia usiku, anajua kwa mazoea kwamba mama yuko upande wa pili wa ukuta na atakuja. Binti yenu ameona walezi wakipokezana kwa zamu, na baadhi yao wakaondoka moja kwa moja, kwa hiyo mlango ukifungwa hana sababu ya kuamini kwamba utafunguliwa. Zaidi ya hayo, wapo watoto wa makao waliokwisha kujifunza kutolia kwa sababu kilio hakikuleta mtu. Jirani atawaambia ameshazoea, kumbe amelala macho wazi.

Tena tusisahau alikotoka. Huko walilala wengi katika chumba kimoja, akisikia pumzi na kikohozi cha wenzake, na huenda hajawahi kulala peke yake hata usiku mmoja. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyewachunguza watoto wachanga na mama zao katika vijiji vya karibu na Kampala miaka ya 1954 na 1955, aliona kwamba mtoto huthubutu kwenda mbali na kuchezea vitu akijua mama yupo mahali pa kurudia. Ndiyo maana binti yenu anacheza humo mchana: anasikia sauti yako jikoni. Njia ya pili inampa sharti hilohilo usiku. Katika njia ya kwanza, siku godoro linapovuka mlango, chumba kinabadilika na wewe unaondoka kwa mkupuo mmoja. Katika ya pili, anakizoea chumba kwanza ukiwa humo, na baadaye linabaki jambo moja tu la kuzoea.

Baba Pacha, Nairobi
Namheshimu Muuguzi, lakini sikubaliani naye moja kwa moja. Sisi tulitumia njia ya godoro na ilitufaa, kwa sababu usiku mtoto alituona sote wawili. Mama akihamia peke yake, baba anakuwa mgeni wa usiku, na siku mama anaposafiri au kuugua, mtoto humkataa baba waziwazi. Mkichagua njia ya pili, basi mpokezane, mama leo na baba kesho, tangu mwanzo. Na kazi hiyo msimwachie dada wa kazi, hata akiwa mwema kiasi gani, maana mtoto bado anajifunza ni nani hasa anayekuja usiku.

Mkaazi wa Ngamiani, Tanga
Assalamu alaykum. Mimi nauliza haraka ni ya nini. Kwetu pwani mtoto wa umri huo hulala na bibi au na ndugu zake, wala hakuna anayeona ajabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapomwajibisha mzazi inataja malazi pamoja na chakula, mavazi, matibabu na elimu. Chumba cha peke yake hakimo katika orodha hiyo. Mimi nalea kwa kafala, yaani malezi ya Kiislamu ya mtoto asiye wa kumzaa, na mafundisho ya dini yetu yanataka watoto watenganishwe malazi wafikapo miaka kumi, kwa hiyo kwa sasa msichana wetu analala chumba kimoja na mwanangu wa kumzaa, kila mmoja kitandani mwake. Kama mna mtoto mkubwa nyumbani, hiyo ni njia ya nne, na kwa mtoto wa makao huenda ndiyo iliyo karibu zaidi na alivyozoea.

Mama wa Kihonda
Waalaykum salaam, dada. Yeye ndiye mtoto wetu wa pekee, na bibi yake yuko Iringa. Vinginevyo ningelichagua hilo bila kusita.

Mama Wawili, Mwanza
Basi nami nasimama na njia ya pili, kwa zamu kama alivyosema Baba Pacha. Godoro lenu lianze kando ya lake. Akishalala bila kunyanyua kichwa kuwatafuta, lisogee karibu na mlango, kisha mkae kitini, kisha ukumbini mlango ukiwa wazi. Akiugua, au mkitoka safarini, rudini hatua moja bila kuona kwamba mmeshindwa. Msitoke kwa kunyata. Mwambieni, "Naenda kufunga geti, narudi," kisha mrudi kweli, hata kama ameshaanza kusinzia.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni chandarua. Cha kitanda cha mtoto ni kidogo, nawe ukikaa nje yake utapitisha mkono kila anapokuita, na mbu wataingia. Hata mguu wake ukigusa wavu, mbu humuuma kutoka nje. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, malaria si ya kufanyia majaribio. Tundikeni kimoja kipana kinachofunika magodoro yote mawili, pindo likichomekwa chini, na mtakapoanza kusogea kila mmoja awe na chake. Kwenye mto wake tandika kanga uliyoivaa mchana, isiyofuliwa, na taa ndogo ya sola iwepo kwa ajili ya umeme unapokatika.

Muuguzi Mstaafu
Nyongeza ndogo kuhusu saa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 11 hadi 14 za usingizi kwa watoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 4, usingizi wa mchana ukiwemo. Anayesubiri baba arudi saa nne usiku hufika kitandani amechoka kupita kiasi, na mtoto wa namna hiyo hulalamikia chumba chochote.

Mama wa Kihonda
Nawashukuru nyote. Tumeafikiana na mume wangu kwamba tutahamia kwake kwa zamu, naye baba ataanza, kwa kuwa yuko likizo. Chandarua kipana tutakinunua Jumamosi sokoni. Aliyewahi kutundika kimoja juu ya magodoro ya sakafuni katika chumba chenye dari ya jipsamu anieleze misumari ishikizwe wapi.

Baba Pacha, Nairobi
Msiguse jipsamu. Pigeni misumari minne ukutani, mfunge kamba kwenye pembe nne za chandarua.