Nywele za pembeni zimeniaga. Waliowahi kukatika nywele, tupeane uzoefu

Mleta mada
Habari wakuu. Nina miaka 31, niko Tanga. Tangu nimalize sekondari sijakaa wiki mbili bila rasta au twende kilioni, na saluni ninakosukwa, kichwa kisipouma wanasema msusi hajui kazi. Nikitoka pale nameza panadoli mbili, usiku nalala kifudifudi. Vipele vya usaha vikitoka kwenye paji, nasubiri vikauke. Juzi nimefumua, juu ya masikio vimebaki vinyweleo kama vya kichanga. Nimepaka nazi, mnyonyo, maji ya kitunguu (mume kahamia sebuleni). Wapi!

#2 Mama Mapacha, Mbeya
Pole shoga. Zangu zilianza wanangu wakiwa na miezi mitatu, kitana kinajaa mpaka naogopa kuchana. Mama mkwe akasema ni jicho la watu. Nesi wa kliniki akacheka: ukiwa na mimba nywele hazidondoki kama kawaida, ukishajifungua zile zilizochelewa zinatoka kwa pamoja. Akanipima damu, ilikuwa chini, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Watoto walipofikisha mwaka, mbele palikuwa na vijinywele vimesimama kama brashi.

#3 Baba wa Moshi
Mwanangu wa miaka 7 alipata mapunye, nadhani ni mashine ya kinyozi. Tulimpaka krimu miezi miwili, ndimu pia, masikini mtoto akalia. Daktari alikwangua magamba akayaangalia kwenye hadubini, akasema fangasi wameingia ndani ya unywele, krimu peke yake haiwafikii. Akaandika vidonge vya griseofulvini, wiki sita, anywe baada ya chakula chenye mafuta. Na nduguze wote wakaangaliwa.

#4 Kipara Ngoto
Mimi ni ukoo, baba na wajomba wote hivyo hivyo. Nilitumia minoksidili, dawa ya kuotesha nywele: wiki za mwanzo zikadondoka zaidi, mwezi wa tano zikaota. Nikaichoka, nikaacha, zikarudi kule kule. Sasa napiga wembe tu.

#5 Dada wa Utosini
Mleta mada, mimi nilichelewa. Utosi ulianza kuwasha na kuchoma, nikafunika na wigi miaka minne. Nilipofika kwa daktari wa ngozi alikata kipande kidogo cha ngozi kikapimwa: vitundu vya nywele vimegeuka kovu. Dawa ninazopewa ni za kuzuia lisienee, palipokufa hapaoti. Jiangalie kwenye kioo. Ngozi ikiwa inang'aa na vitundu huvioni, usilale. Kama vinyweleo vipo, una bahati, wahi.

Mleta mada
Ahsanteni, #5 umenitisha, nimeenda jana. Daktari kabla hajanishika kichwa aliuliza, "Unasukaje?" Wote walioniuzia mafuta hakuna aliyewahi kuniuliza hilo! Vitundu bado vipo. Kaniandikia dawa ya vipele, na hakuna kusuka kwa kuvuta, hakuna gundi ya wigi, hakuna kuweka dawa ya kulainisha. Nirudi baada ya miezi mitatu.
Shida sasa, Jumamosi mdogo wangu anaolewa na msusi kashapiga simu mara tatu.

#2 Mama Mapacha, Mbeya
Usipokee. Funga kilemba.