Re: Tezi dume: matundu au kufunguliwa?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mume wangu amepangiwa kuondolewa tezi dume yenye saratani. Daktari anataka kutumia matundu madogo na kamera. Shemeji yangu anasisitiza afunguliwe tumbo kwa mkato mmoja mkubwa. Tumekwama. Mnashauri nini?

---

Pole sana dada. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kabla hamjavutana kuhusu njia, ulizeni habari za mkono utakaoshika kisu.

Utafiti wa 2007 uliangalia wanaume zaidi ya 7,700 waliofunguliwa. Daktari aliyekuwa amefanya operesheni 10 tu za aina hiyo, saratani ilirudi ndani ya miaka 5 kwa karibu wagonjwa wake 18 katika kila 100. Aliyefikisha 250, karibu 11. Kwa matundu, utafiti wa 2009 ulionyesha mkono unachelewa zaidi kukomaa: 17 kwa aliyefanya 10, bado 16 kwa aliyefanya 250, ndipo ikashuka hadi 9 kwa aliyefika 750. Tena waliozoea kufungua, wakahamia matundu, walipata matokeo mabaya kuliko walioanza na matundu moja kwa moja. Kwa hiyo mvi za daktari zisiwatulize.

Kwenye matundu kidole hakigusi nyama. Daktari anatazama skrini, anakata kwa vyuma virefu, na pale tezi inapokutana na mrija wa mkojo, milimita chache ndizo zinazoamua kama uvimbe umetoka wote. Mwenye uzoefu anapaona mapema. Kufungua nako damu humwagika zaidi.

Kama daktari hazungumzi lugha yenu, ombeni mkalimani wa hospitali, msimtumie mtoto kutafsiri. Muulizeni daktari: umefanya ngapi za hii hii, kwa njia hii hii? Utashika mwenyewe au mwanafunzi? Kuna roboti, yaani mashine inayoshika vyuma huku daktari akiiongoza? Takwimu za 2009 ni za matundu bila roboti.

---

Nakubaliana na muuguzi, ila msiazime majibu ya saratani nyingine. Kwa shingo ya kizazi, jaribio lililochapishwa 2018 lilikuta kwamba baada ya miaka 4.5, waliofunguliwa 96.5% walikuwa hai bila ugonjwa kurudi; wa matundu 86%. Kwa utumbo mpana, jaribio la 2004 lilikuta njia zote mbili zinalingana, lakini kila daktari alitakiwa awe amefanya angalau 20 kwa matundu kabla ya kuruhusiwa kushiriki. Dada, daktari akishawajibu, tuandikie idadi aliyoitaja.