Leseni ya Bongo inakaribia kufa huku Uingereza, na bima nimetajiwa bei ya kiwanja. Nifanyeje?

BintiKorogwe
Wakuu, habari za muda huu. Niko Leicester, nafanya kazi ya kea ya majumbani. Asubuhi namwogesha bibi mmoja, saa nne niko kwa mzee upande wa pili wa mji, jioni mzunguko tena. Mkataba unataka dereva. Mpaka sasa natumia gari ya kampuni, ila wametangaza kwamba wanazirudisha na kila mtu aje na yake.

Leseni yangu ni ya Tanzania, daraja D, na Dar nimeendesha miaka mingi tu. Mwaka wangu huku unatimia mwezi wa kumi na moja. Mume wangu anasema nisihangaike, tukienda nyumbani likizo mwezi wa kumi nikarudi hesabu inaanza upya. Ni kweli?

Halafu bima. Mume ameipenda Peugeot moja ya dizeli ya 2013, inauzwa pauni 1,900. Nimejaza kwenye mitandao ya kulinganisha bei, bima peke yake pauni 2,600! Sasa kuna kaka kwenye grupu letu la WhatsApp anasema atanipatia bima kubwa kwa pauni 700. Nimtumie hela benki na picha ya leseni, cheti kinakuja siku hiyo hiyo. Kuna wawili kanisani wanayo na hawajasumbuliwa. Naombeni ushauri, msinicheke.

MzeeWaLuton
Dada, kwanza hongera kwa kuuliza kabla hela haijatoka.

Huyo kaka wa WhatsApp achana naye leo. Hao wana mbinu tatu. Wengine wanatengeneza cheti cha uongo kabisa. Wengine wanakukatia bima ya kweli ila wanadanganya taarifa zako: umri, kazi, anwani, ili bei ishuke, na siku ya ajali kampuni inagoma kulipa. Wa tatu ndio wabaya zaidi. Anakata bima halali, anakutumia cheti, wiki ijayo anaifuta na kurudishiwa hela. Wewe unabaki na karatasi.

Hao wa kanisani hawajasumbuliwa kwa sababu hawajakutana na kamera bado. Huku trafiki hakusimamishi akakuuliza stika. Gari ya polisi inasoma pleti namba yenyewe na kuilinganisha na kanzidata ya bima ya nchi nzima. Isipoonekana, unashushwa pembeni na gari inapakiwa kwenye breakdown mbele ya macho yako. Faini ni pauni 300 na pointi 6, na likifika mahakamani faini haina kikomo. Baada ya hapo kila kampuni ya bima itakuona kama ukoma.

Waambie na hao wawili wakaangalie kama gari zao zinaonekana zina bima kwenye tovuti ya Motor Insurers' Bureau, shirika la kampuni za bima. Unaweka pleti namba ya gari yako, bure. Na anayeuza bima kihalali yumo kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia biashara za fedha huku. Muulize huyo kaka namba yake ya FCA uone kama atajibu.

Kipilefti
Mimi ni mwalimu wa udereva, Birmingham. Nijibu la leseni.

Miezi 12 inahesabiwa tangu ulipohamia kuishi, siyo tangu uanze kuendesha. Likizo haianzishi hesabu upya, makazi yako ni Leicester. Na leseni ya kimataifa ya kununua Dar haiongezi hata siku moja.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa moja kwa moja. Wazimbabwe na Waafrika Kusini wamo, sisi na Wakenya hatumo. Kwa hiyo unaanza kama mwanafunzi: leseni ya lena pauni 34 ukiomba mtandaoni DVLA (mamlaka ya leseni), mtihani wa nadharia pauni 23, wa barabarani pauni 62 siku za kazi, 75 jioni na wikiendi. Lipia kwenye tovuti ya serikali tu. Ukitafuta Google zinatangulia tovuti za watu wa kati wanaokuongezea ada isiyo na sababu.

Lena omba leo, maana bila hiyo huwezi kufanya nadharia, na bila nadharia huwezi kushika tarehe ya barabarani. Foleni ya mtihani wa barabarani ndiyo tatizo. Vituo vingi unasubiri miezi. Chukua tarehe yoyote hata ya mbali, kisha kila asubuhi ingia uangalie nafasi zilizoachwa na wengine, unaivuta tarehe yako ije karibu.

Sasa nikwambie ukweli ambao madereva wetu hawaupendi. Wanaonifelia zaidi siyo wasiojua gari. Ni wenzetu walioendesha Dar na Nairobi miaka kumi. Upande wa kushoto tunaujua, kipilefti tunakijua, klachi hatubahatishi. Lakini mtahini hapimi hayo tu. Anaangalia kama umetupia jicho kioo kabla ya indiketa, kama umegeuza kichwa begani kabla ya kuondoka pembeni, kama umepunguza mapema ulipoona mtu amesogelea zebra. Bongo zebra ni mapambo, huku ukimkaribia kwa kasi mwenda kwa miguu umefeli palepale. Makosa madogo unaruhusiwa mpaka 15, kosa kubwa hata moja halivumiliki. Na taa: kwetu ukimpiga mtu taa maana yake "kaa huko, napita mimi", huku wengi wanaielewa "karibu pita". Nimeshaona bampa zikibusiana kwa sababu hiyo.

Chukua masomo machache tu, si ya kujifunza gari, ya kuondoa mazoea.

KandaMaalum
Mnamtisha dada wa watu. Mimi niko huku mwaka wa tatu naendesha na leseni yangu ya nyumbani, sijawahi kuulizwa. Kaza moyo.

MzeeWaLuton
@KandaMaalum siku ukimgonga mtu ndiyo utaulizwa. Baada ya miezi 12 hiyo leseni ni picha yako tu, na bima inakuwa imesimama hewani. Dada huyu yuko kwa viza ya kazi, kesi ya mahakamani anaihitaji ya nini?

FundiGereji
Mimi naongelea Peugeot. Shemeji asinielewe vibaya, dizeli ni injini nzuri kwa mtu wa safari ndefu. Wewe unaendesha dakika kumi, unazima, dakika nane, unazima. Kile kichujio cha masizi kwenye mfumo wa moshi kinahitaji gari ipate moto wa kutosha barabara kuu ili kijisafishe. Kwa ruti za kea kitaziba, taa itawaka kwenye dashibodi, na bei ya kukibadilisha inaweza kukaribia bei uliyonunulia gari. Tena dizeli ya 2013 kwa kawaida haifiki kiwango cha moshi cha Euro 6. Ukienda kusalimia ndugu katikati ya Birmingham unalipa tozo ya hewa chafu pauni 8 kwa siku, London pauni 12.50. Petroli ya 2006 kuja juu kwa kawaida hailipi tozo hizo mbili.

Tafuta petroli ndogo. Ile Vitz ya kwetu huku inaitwa Yaris, unaijua. Au Hyundai i10. Magari ya umri huo yamepangwa makundi ya bima 1 mpaka 50, i10 nyingi ziko chini, bei itashuka yenyewe.

Kabla hujaenda kuiona, andika pleti namba kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Utaona kila ukaguzi, maili zilizosomwa, na yale wanayoandika kama tahadhari. Ukiona neno corrosion (kutu) limejirudia mwaka hadi mwaka, kimbia. Barabara za huku zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi, kutu inakula chini huku rangi juu inang'aa. Angalia pia kama gari ina deni la mkopo, kwa pauni chache tu unajua. Na tax haihami na gari, muuzaji akikwambia "ina tax mpaka Machi" hiyo ni yake, wewe unalipia upya kabla hujaondoka nayo.

BintiKorogwe
Asanteni sana jamani. Peugeot tumeiacha, shemeji yenu amenuna kidogo ila atapoa. Lena nimeomba jana usiku. Swali: ikifika kabla miezi 12 haijaisha, natakiwa kuweka kibao cha L cha mwanafunzi na kukaa na mtu?

Kipilefti
Hapana. Ndani ya miezi 12 unaendesha kama kawaida hata ukiwa na lena mkononi. Ikipita siku ya mwisho hujafaulu, hapo ndipo L inabandikwa na pembeni akae mtu wa miaka 21 au zaidi mwenye leseni kamili kwa miaka 3. Maana yake kea peke yako hapana. Ongea na meneja mapema akupange zamu za wawili wawili, mwenzako aendeshe.

MamaTausi_Derby
Mimi pia ni kea, na kuna kitu hamjamwambia. Ukijaza fomu ya bima usichague "kwenda na kurudi kazini". Hiyo ni ya mtu anayekwenda sehemu moja ya kazi. Sisi tunaozunguka nyumba za wateja tunahitaji ile ya matumizi ya biashara, daraja la kwanza. Mara nyingi haiongezi hela nyingi, ila ukiikosa ukapata ajali kati ya mteja na mteja, umekwisha.

Pia jaza bima kubwa na bima ndogo zote ulinganishe. Huku kubwa wakati mwingine inakuwa rahisi kuliko ndogo, usiniulize kwa nini. Tafuta bei kama wiki tatu kabla ya siku unayotaka ianze, ukisubiri kesho yake wanakupandishia. Ukiweza lipa mara moja, kwa mwezi wanaweka riba. Na wasije wakakushauri bima iandikwe jina la mumeo na wewe uwe dereva wa ziada wakati gari unaendesha wewe. Hiyo ni udanganyifu, wanaijua siku nyingi.

BintiKorogwe
Nimejaza i10 ya 2016 na matumizi ya biashara: pauni 1,480. Bado inauma lakini inalipika. Yule kaka nimemuuliza namba ya FCA. Amenitoa kwenye grupu.