Tupeane uzoefu: Nchi ilipoingia uchumi wa kati, nyumbani kwako kulipanda nini?

Mama wa Tandika (mleta mada)
Jana jioni nilikwenda dukani kununua mafuta ya kula ya kupima, na wakati muuzaji akinimiminia, redio yake ilikuwa ikieleza kwamba uchumi wa nchi unaendelea kukua vizuri. Nikatazama kipimo alichoshika. Kilikuwa kipya, kifupi kuliko cha zamani, lakini bei ilikuwa ileile ya shilingi 500. Sikumlaumu, kwa sababu naye dumu analinunua kwa bei ya kupanda. Nilichokumbuka ni tarehe 1 Julai 2020, Benki ya Dunia ilipoiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Ninaomba tuelezane ukweli bila kuvutana kwa vyama: siku hizo wewe ulikuwa katika hali gani?

Mkulima wa Kalambo
Sisi watu wa Rukwa tunalisha wenzetu, lakini utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulituweka chini ya mikoa yote ya Tanzania Bara: watu 45 katika kila 100 waliishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, wakati Dar es Salaam walikuwa 8 tu. Wengi walishangaa. Mimi sikushangaa, kwa sababu mwaka 2017, mahindi yalipozuiwa kuuzwa nje ya nchi, nilikuwa na magunia 60 ndani na wanunuzi hawakuonekana tena kijijini. Niliuza machache kwa shilingi 25,000 kila gunia, wakati mfuko mmoja wa mbolea nilikuwa nimeununua kwa mara mbili ya fedha hiyo. Mengine yaliingiwa na dumuzi, na nilipofungua magunia nikakuta unga wa kulishia kuku. Mwaka huohuo uchumi wa Taifa ulikua kwa zaidi ya asilimia 6.

Kijana wa Bodaboda
Ndiyo maana miaka ile kila mtu alikuwa akisema vyuma vimekaza. Takwimu hizo zinapikwa mezani.

Mwalimu Mstaafu
Mdogo wangu, hazijapikwa, na tukisema hivyo tunajinyang'anya silaha wenyewe. Pato la Taifa linahesabu kilichozalishwa, halihesabu nani alikula. Kipato cha wastani kwa mtu kilitoka dola 1,020 mwaka 2018 hadi dola 1,080 mwaka 2019, na mstari wa kuvukia ulikuwa dola 1,036, kwa hiyo tulivuka kwa dola 44 tu. Isitoshe, Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba idadi yetu inaongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Uchumi ukikua kwa asilimia 6, nusu ya ukuaji huo inawahi midomo mipya kabla haijamfikia mtu mwingine yeyote. Ndivyo ilivyotokea kwamba umaskini ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18, huku maskini wenyewe wakiongezeka kutoka takribani milioni 12 hadi milioni 14. Takwimu zote hizo ni za kweli kwa wakati mmoja.

Kijana wa Bodaboda
Mwalimu, kama nusu inaliwa na midomo mipya, nusu iliyobaki inaliwa na nani?

Mshona Nguo
Sikutaka kuchangia, lakini tarehe hiyo mliyoitaja ninaijua vizuri kuliko tarehe ya harusi yangu. Mume wangu alikuwa fundi wa zege hapa Dar es Salaam, na miaka ile ujenzi ndio uliokuwa ukisifiwa kwamba unaubeba uchumi. Katikati ya Juni 2020 jukwaa la miti lilikatika akiwa ghorofa ya tatu. Hakuwa na mkataba wala bima. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la msimamizi tu, na msimamizi huyo alizima simu. Alilala hospitalini siku kumi na moja, akafariki usiku wa kuamkia tarehe 29. Asubuhi nikapewa karatasi ya shilingi 1,860,000 na kuelezwa kwamba mwili hautatoka mpaka deni liishe.

Tarehe 2 Julai nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kusubiria, ile karatasi nimeifunga kwenye pindo la khanga, nikimngoja shemeji aliyekwenda kukusanya michango. Kwenye televisheni ya ukutani wakasoma kwamba tumeingia uchumi wa kati. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu akanigeukia kwa furaha ya kweli na kunipa mkono: "Hongera mwanangu, tumefika." Nilimpa mkono. Nilimpa kwa sababu alikuwa mtu mzima, na hakujua kilichokuwa ndani ya khanga yangu. Siku ya tano tangu afariki ndipo tulipomzika, kwao Muheza.

Mama wa Tandika (mleta mada)
Pole sana, dada yangu. Nimeshindwa kuendelea na kazi baada ya kusoma hapa. Mungu amrehemu.

Afisa Ustawi
Pole, dada. Kwa faida ya wengine: mwajiri analazimika kisheria kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kibarua asiye na mkataba wa maandishi asikubali kuambiwa kwamba hahusiki. Atunze chochote kinachothibitisha kwamba alifanya kazi pale, hata picha ya ukurasa wa daftari. Pia kateni bima ya afya. Huku mkoani kwetu, kwa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, tulilipa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita.

Mkulima wa Kalambo
Mimi niliikata, na nilipofika zahanati dawa hazikuwepo, nikaandikiwa karatasi ya kwenda duka la dawa. Ni afadhali kikundi cha kuweka na kukopa, kwa sababu fedha unaiona kwa macho.

Afisa Ustawi
Kikundi cha watu 20 hakiwezi kulipia upasuaji, kaka. Ndiyo sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023.

Bibi wa Makete
Wanangu, msiniudhikie. Mimi nimezaliwa kabla ya uhuru na nimesomea kibatari. Nguzo za REA, wale wa Wakala wa Nishati Vijijini, zilipofika kijijini kwetu nililipa shilingi 27,000 nikaunganishiwa umeme, na wajukuu wangu wawili wameingia kidato cha kwanza bila ada tangu ilipofutwa mwaka 2016. Huyo binti aliyefiwa ameniliza, lakini siwezi kusema kwamba hakuna kilichobadilika, kwa sababu ninaandika haya usiku, chini ya taa.

Kijana wa Bodaboda
Bibi, shikamoo. Ada ilifutwa, lakini je, michango ya chakula, mlinzi na madawati haikubaki?

Bibi wa Makete
Marahaba. Ilibaki, na ninailipa. Debe moja la mahindi kwa kila mtoto.

Mwalimu Mstaafu
Bibi amenirekebisha, na ninakubali. Nilifundisha miaka 31, na mwaka ada ilipofutwa darasa langu la kwanza lilijaa watoto 140 kwenye chumba cha watoto 45. Nilifurahi kuwaona, na sikuweza kuwafundisha.

Mama wa Tandika (mleta mada)
Mshona Nguo, utusamehe tukikurudisha kwenye uchungu, lakini ile fedha hatimaye mliipataje?

Mshona Nguo
Michango ya msiba ilifika 740,000, kikundi chetu kikanikopesha 800,000, na iliyobaki nikauza cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu aliyoninunulia mume wangu tulipopata mtoto wa kwanza. Deni la kikundi nililimaliza Machi 2021. Cherehani ninayoshonea sasa ni ya kukodi, shilingi 3,000 kwa siku, na siku isiyo na mteja ninailipia vilevile.