Mjadala: Kwaya ya shule ya wasichana kucheza chakacha kwenye tamasha, ni sawa?

Mwalimu wa Kwaya: Hamjambo wote. Nafundisha kwaya ya wasichana katika shule ya bweni huku Bonde la Ufa. Mwaka huu nataka wimbo wetu wa kiasili kwenye Tamasha la Muziki uwe chakacha: leso kiunoni, ngoma za chapuo na msondo, na zumari tukimpata mpigaji. Wasichana wenyewe wameupokea kwa furaha. Naibu wa mkuu amekataa, anasema ni ngoma ya kukata viuno na haifai wanafunzi. Mimi naona ni urithi wa Kenya kama mwingine wowote. Mnasemaje? Na mwenye mawazo ya kuipanga jukwaani anisaidie.

Bi Leso: Mwalimu, mie ni mtu wa Kibokoni, Mombasa. Chakacha ni ya kina mama, usiku wa harusi, ndani, wanaume hawamo. Nyimbo zake ni mafumbo, na mengi ni ya mambo ya ndoa. Leo wataka kumpandisha mtoto wa kidato cha pili mbele ya waamuzi wanaume na ukumbi mzima akate kiuno apewe alama? Naibu wako yuko sawa. Watu wa bara mkija kwetu huchukua kiuno tu, maneno mwayaacha.

Besi wa Pili: Bi Leso, hilo la "watu wa bara" halikuwa na haja. Tamasha hili limekuwapo tangu 1927, na uzuri wake ni kwamba mtoto wa Kisii hujifunza wimbo wa Kidigo na wa Lamu akajifunza wa Kiluhya. Wimbo wa taifa unaousimamia ulitokana na bembelezi la Wapokomo. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano ikaupanga upya, Graham Hyslop na Washington Omondi wakiwa ndani yake. Yule mama wa Kipokomo alikuwa akimlaza mwanawe, hakuwa akiimbia gwaride. Kama kila wimbo ungebaki pale ulipozaliwa, tungekuwa hatuna wimbo wa taifa.

Bi Leso: Wapokomo nao ni watu wa Pwani, kwa hiyo mlichukua kwetu hata hapo. Na bembelezi halina siri. Umejibu nisichosema.

Besi wa Pili: Umesema twachukua kiuno tu. Nimekujibu hilo.

Mwanaunguja: Jamani, Bi Kidude, mwimbaji wetu wa Zanzibar, aliichukua ngoma ya unyago, ambayo ni siri ya wanawake kupita chakacha, akaipiga kwenye majukwaa ya Ulaya mpaka uzeeni, na Zanzibar nzima ikamlilia alipofariki 2013. Na chakacha yenyewe ilishatoka ndani zamani. Bendi ya Mombasa Roots waliicheza kwa magitaa kwenye mahoteli ya watalii miaka ya 1980. Hao watalii walikuwa kina mama wa harusi?

Bi Leso: Bi Kidude alikuwa kungwi, mfunzi wa wari unyagoni, mtu mzima, na aliyapigania maisha yake mwenyewe. Alijua anachokitoa nje na kwa nini. Mwanafunzi huambiwa tu "tikisa hapa, geuka pale". Hoteli usiitaje mbele yangu. Hoteli ndiko ilikovuliwa adabu yake.

Sol-fa: Nimefundisha kwaya za shule miaka mingi, naomba nirudi kwenye swali. Mwalimu, usiipange chakacha kwa sauti nne kama wimbo wa kanisani. Ukishaijaza alto na besi za kitabuni, mwitikio unakuwa mzito na ngoma inakosa pa kuingilia. Acha kiongozi mmoja mwenye sauti ya kifuani, wengine waitikie kwa sauti moja, na mara chache mgawanye mbili. Usipandishe ufunguo ili sauti ya kwanza ing'ae. Nyimbo hizi hukaa chini, na maneno ndiyo yanayobeba.

La pili ni pumzi. Msichana hawezi kukata kiuno dakika tatu na bado akamaliza mshororo bila kuhema. Wagawe: wengi wasimame nusu duara wakiimba na kupiga makofi, wachache wacheze, kisha wabadilishane. Wapiga ngoma wakae pembeni nyuma. Nimeona kwaya nzuri zikipoteza alama kwa sababu hakuna aliyesikia hata neno moja.

Hata hivyo, ningekuwa wewe ningechukua lelemama. Ni ya wanawake wa Pwani vilevile, lakini husimama kwa mstari, mwendo ni wa mikono na mabega, taratibu, na uimbaji unasikika. Shule inayonikodi mwaka huu nimeipangia hiyo.

Mzazi wa Nakuru: "Inayonikodi". Hapo ndipo penye tatizo la tamasha hili! Mwanangu aliletewa mkufunzi wa kukodiwa, akakaa wiki chache, akapanga kila hatua, akaondoka. Sisi wazazi tukalipia yeye, tukalipia maleba, tukalipia na basi. Mtoto hakujua hata wimbo ule unazungumzia nini. Nilimuuliza, akaniambia "ni wa ushindi".

Sol-fa: Mzazi, walimu waliosomea muziki ni wachache na shule ni nyingi. Mwalimu wa hesabu akipewa kwaya afanye nini? Nalipwa kwa kazi, kama fundi mwingine yeyote.

Mwalimu wa Kwaya: Mimi sikodi mtu. Nafundisha baada ya masomo, bila malipo, na mara nyingi ngoma nanunua kwa mshahara wangu. Msituweke wote kapu moja.

Mzazi wa Nakuru: Hakuna aliyekutaja, mwalimu.

Mwalimu wa Kwaya: Umesema "tamasha hili". Mimi ni wa tamasha hili.

Besi wa Pili: Mkufunzi si adui. Ubaya ni alama. Mkuu wa shule anataka kombe, kwa hiyo tunanunua kombe. Ondoeni alama za maleba, muone wangapi watabaki wakifundisha.

Mwanaunguja: Maleba si shanga tu. Mavazi ni sehemu ya ngoma. Ukiyatoa unabaki na kwaya ya kanisa.

Sol-fa: Kwaya ya kanisa imekukosea nini?

Bi Leso: Mwauzana na kununuana hapa, na aliyeitunga chakacha hamumtaji. Kuna sheria ya 2016 ya kulinda sanaa za jadi, yasema jamii iombwe. Ni mkufunzi gani amewahi kuja Kibokoni akauliza? Mwalimu, wewe njoo. Lete wasichana wako wakati wa likizo wakae na kina mama, wafunzwe maneno, wafunzwe lipi huimbwa mbele ya watu na lipi halitoki. Lelemama nitawafunza mwenyewe. Chakacha, tutaona.

Mwalimu wa Kwaya: Nashukuru, Bi. Nitamwonyesha naibu ujumbe huu. Leso ziwe za rangi moja au kila mmoja na yake?

Mzazi wa Nakuru: Na nauli ya Mombasa atalipa nani?

Sol-fa: Bado nasubiri jibu kuhusu kwaya ya kanisa.